Awamu ya ateri ndani ya pumzi moja: MRI ya ini kwa dawa ya gadolini

Mwongozo huu ni wa wapiga picha na madaktari wanaofanya MRI ya ini ya awamu nyingi: dawa ya kontrasti inasukumwa mshipani, kisha ini lote linapigwa picha mara kadhaa, kila mara kwa pumzi moja iliyobanwa. Ndicho kipimo kinachosaidia kuamua kama kivimbe kilichoonekana kwenye ultrasaundi, kwa mgonjwa mwenye homa ya ini B ya muda mrefu au ini lililosinyaa, ni saratani au ni kitu kingine. Afrika Mashariki kina uzito wa pekee, kwa kuwa virusi vya homa ya ini B na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga vinaleta saratani ya ini hata kwa watu wasio wazee.

Mgonjwa atakaa mezani nusu saa hivi, lakini sehemu kubwa ya thamani ya kipimo iko kwenye sekunde 15 za awamu ya ateri, pale dawa inapofika kwenye ini kupitia ateri yake. Ukizikosa, dawa imeshasambaa mwilini na huna cha kurudia siku hiyo. Ndiyo maana kazi nyingi iliyoelezwa hapa inafanywa kabla dawa haijaondoka kwenye bomba la sindano.

Dawa inafanya nini, kwa hesabu

Gadolini ni metali yenye elektroni 7 zisizo na wenza, na hizo huifanya iwe sumaku ndogo kali. Protoni za maji zikipita jirani yake zinatulia upesi baada ya kupigwa na mawimbi ya redio. T1 yao, yaani muda wa kutulia huko, inafupika. Damu ndani ya mashine ya tesla 1.5 ina T1 ya milisekunde 1,200 au zaidi kidogo. Weka humo milimoli 5 za gadolini kwa lita, dawa ikiwa na nguvu ya 4.5 (yaani kila milimoli kwa lita inaongeza kasi ya kutulia kwa 4.5 kwa sekunde), na hesabu inakuwa 1/1.2 + 4.5 × 5, takriban 23.3 kwa sekunde. T1 imeshuka hadi milisekunde 43. Sekwensi yetu (mpangilio wa mapigo ya redio unaotoa picha) ina TR, yaani muda kati ya pigo na pigo, ya milisekunde 4 tu, hivyo tishu isiyo na dawa haipati muda wa kupona na inabaki nyeusi, wakati damu yenye dawa inang'aa.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wengi wanausahau. Dawa ikiwa nzito mno mahali pamoja, T2* (muda wa ishara kufifia) nayo inafupika na mng'ao unashuka badala ya kupanda. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama lita 5 kwa dakika, yaani mililita 83 kwa sekunde. Ukiingiza milimoli 1 kwa sekunde, damu hiyo inabeba milimoli 12 kwa lita kabla mapafu hayajaitawanya. Ukiingiza milimoli 2 kwa sekunde inakuwa 24, na kwa mgonjwa wa kilo 70 dawa yote imekwisha ndani ya sekunde 3.5. Umepata bolasi (mkupuo wa dawa) kali na fupi mno ya kupigwa picha inayochukua sekunde 15. Kwa ini, lenga milimoli 1 kwa sekunde.

Chagua dawa, kisha soma ukolezi kwenye chupa yenyewe

Dawa hizi hazina ukolezi mmoja, na hapa ndipo dozi inapokosewa kirahisi kuliko kokote:

- Gadobutroli (Gadovist): milimoli 1.0 kwa ml. Dozi ni ml 0.1 kwa kilo. Kilo 70 ni ml 7, kwa kasi ya ml 1 kwa sekunde.
- Gadoterati (Dotarem): milimoli 0.5 kwa ml. Dozi ni ml 0.2 kwa kilo. Kilo 70 ni ml 14, kwa kasi ya ml 2 kwa sekunde.
- Gadoksetati (Primovist, Marekani huitwa Eovist): milimoli 0.25 kwa ml. Dozi ni ml 0.1 kwa kilo, yaani robo tu ya milimoli za zile mbili za juu. Kilo 70 ni ml 7, kwa kasi ya ml 1 kwa sekunde.

Gadobutroli na gadoterati zikifuatwa hivyo, zote mbili zinaingia kwa sekunde 7 na kwa milimoli 1 kwa sekunde; muda uliouzoea kwa moja unafaa kwa nyingine. Hatari iko siku stoo inapobadilisha chupa: aliyezoea kuvuta ml 14 akivuta ml 14 za gadobutroli amempa mgonjwa dozi mara mbili. Mtu mmoja avute, wa pili asome lebo kwa sauti.

Kwa swali la "hiki kivimbe ni saratani?" gadobutroli au gadoterati zinatosha, na awamu ya ateri inatoka vizuri zaidi. Gadoksetati ina faida yake: katika ini lenye afya karibu nusu ya dawa inachukuliwa na seli za ini na kutolewa kwenye nyongo, hivyo baada ya dakika 20 ini lenye afya linang'aa na vidonda visivyo na seli za ini vinabaki vyeusi. Inafaa sana kutafuta vimbe ndogo kabla ya upasuaji. Bei yake ni kubwa na awamu yake ya ateri ni dhaifu, kwa hiyo tusingeiita dawa ya kila mgonjwa.

Kuhusu figo: gadolini ikiwa peke yake ni sumu, hivyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine. Gadobutroli na gadoterati zimefungwa kwa umbo la pete, na pete hiyo haifunguki kirahisi. Zile za zamani zenye umbo la mnyororo, kama gadodiamidi (Omniscan) na gadopentetati (Magnevist), zilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa wagonjwa wa figo, unaofupishwa NSF. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilisimamisha matumizi yake ya kudungwa mshipani. Gadoksetati, ingawa nayo ni mnyororo, iliachwa kwa ajili ya ini. Ukikuta katoni za zamani za dawa za mnyororo kwenye stoo, usimpe mgonjwa ambaye eGFR yake (kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu) iko chini ya 30, aliye kwenye dayalisisi, au ambaye figo zimefeli ghafla. Dawa za pete zina hatari ndogo sana hata kwa wagonjwa hao, na hakuna sababu ya kumnyima kipimo mtu anayekihitaji kweli. Aliye kwenye dayalisisi apangiwe kipimo muda mfupi kabla ya zamu yake ya kuoshwa damu.

Mgonjwa kabla ya kuingia

Asile kwa saa 4. Maswali ya usalama wa sumaku ni yale yale ya kila siku. Ya dawa ni haya: Umewahi kudungwa dawa ya MRI, na ilikuletea shida gani? Una pumu au mzio mkali? Figo zikoje? Kwa mwanamke, una ujauzito? Aliyewahi kupata mzio wa dawa ya gadolini ana uwezekano wa takriban mara 8 zaidi wa kuupata tena, kwa hiyo jibu la ndiyo linasimamisha kazi hadi daktari aamue. Mara nyingi anabadilishiwa dawa au anaghairi. Mjamzito hapewi dawa isipokuwa jibu lake litabadilisha matibabu sasa hivi, kwani gadolini inapita kondo la nyuma. Anayenyonyesha anaweza kuendelea: kiasi kinachoingia kwenye maziwa ndani ya saa 24 hakifiki asilimia 0.04 ya dozi.

Mpime uzito kwa mizani. Kilo anazotaja mgonjwa wa ini mara nyingi ni za kabla hajaanza kukonda, au za kabla tumbo halijajaa maji.

Kisha mazoezi ya pumzi, na hapa usiwe na haraka. Yafanyike akiwa amelala mezani, koili (antena inayopokea ishara) iko tumboni, kabla hajaingizwa kwenye tundu:

"Mama, nikisema *vuta*, vuta hewa ya kawaida. Nikisema *toa*, itoe taratibu. Nikisema *bana*, usivute tena mpaka usikie *pumua*. Tujaribu."

Angalia tumbo lake, usiangalie uso. Wengi wanafunga mdomo na kutoa macho huku kiwambo kinaendelea kushuka na kupanda. Rudieni mara tatu, ukihesabu sekunde kimya. Kubana baada ya kutoa hewa kunairudisha ini mahali pale pale kila awamu, jambo linalohitajika kwa picha za kutoa moja kwa nyingine. Kubana baada ya kuvuta ni rahisi zaidi kwa mgonjwa dhaifu. Chagua mojawapo na uitumie kipimo kizima. Ukichanganya, ini litahama sentimita kadhaa kati ya awamu.

Sauti ya mashine inayotoa amri kwa Kiingereza haimsaidii bibi aliyetoka kijijini. Mashine nyingi zinakubali rekodi yako mwenyewe. Irekodi kwa Kiswahili, kwa sauti tulivu, na upime urefu wake kwa saa. "Vuta… toa… bana" inachukua sekunde 5 hadi 6, na utaihitaji namba hiyo muda si mrefu. Mgonjwa asiyesikia Kiswahili vizuri, ndugu yake amfundishe maneno hayo matatu kabla ya kuingia. Oksijeni ya puani lita 2 kwa dakika, kutoka kwenye bomba la ukutani, inaongeza uvumilivu wa wengi wenye maji tumboni.

Kanula na mpira

Kanula ya pinki (geji 20) kwenye kiwiko cha mkono wa kulia ndiyo bora; ya bluu (geji 22) inabeba kasi ya ml 2 kwa sekunde bila tabu ikiwa imekaa vizuri. Mkono wa kulia kwa sababu njia yake kwenda moyoni ni fupi na iliyonyooka. Kutoka kushoto dawa nzito inavuka mbele ya matawi ya aota na inaweza kuacha kivuli cheusi, au kurudi nyuma kwenye vena za shingo kwa wazee. Kiwiko kisikunjwe. Mgonjwa akiweka mkono kichwani, angalia kwamba bado dawa inapita.

Jaribu njia kwa ml 10 za maji ya dripu ya chumvi (asilimia 0.9), ukisukuma kwa kasi ile ile utakayotumia, kidole kimoja kikiwa juu ya ncha ya kanula. Ukihisi uvimbe au mgonjwa akalalamika, hamisha kanula sasa.

Mpira mrefu kutoka injekta (mashine ya kusukuma dawa) hadi mkononi unabeba mililita kadhaa. Dozi ya ml 7 bila maji ya kuisukuma ingebaki sehemu kubwa ndani ya mpira. Kwa hiyo maji ya chumvi ml 20 hadi 30 yafuate papo hapo, kwa kasi ile ile. Ondoa hewa yote kwenye mpira kabla ya kuunganisha.

Panga sekwensi kulingana na pumzi ya mgonjwa

Tunatumia 3D T1 ya gradienti eko yenye kuzima mafuta (VIBE, LAVA au THRIVE kutegemea mtengenezaji): TR milisekunde 3 hadi 5, TE (muda kutoka pigo hadi ishara kusomwa) 1 hadi 2, pembe ya pigo digrii 9 hadi 15. Muda wake unaupata hivi: TR × mistari ya fezi (mistari inayosomwa kwa kila kipande) × vipande. Kwa TR ya 4, mistari 160 na vipande 64 vya milimita 3.5, hiyo ni sekunde 41. Hakuna anayebana pumzi hivyo. Pararali ya mara 2 (chaneli za koili zikisoma pamoja ili nusu ya mistari irukwe) inaishusha hadi 20.5, na kuchukua sehemu 6 kati ya 8 za nafasi k (data ghafi inayojengewa picha) kunaifikisha 15.4. Unene wa eneo ni milimita 224, unatosha ini la wengi.

Kila punguzo lina gharama. Pararali ya mara 2 peke yake inakuachia kama asilimia 71 ya ubora wa ishara, na mara 3 kwenye koili yenye chaneli chache inaacha mkanda wa chenga katikati ya ini. Mgonjwa anayemudu sekunde 12 usimpe ya 15 ukitumaini atajikaza. Punguza mistari ya fezi hadi 120 na muda unakuwa 11.5. Picha yenye ukungu kidogo inasomeka, iliyotikisika haisomeki.

Mpangilio wa kazi: kwanza T2, kisha T1 ya ndani na nje ya fezi, kisha mtawanyiko (DWI) kama mgonjwa bado ana nguvu, na mwisho picha ya 3D ya kabla ya dawa. Hiyo ya mwisho ndiyo jaribio kamili. Iangalie kabla ya kuendelea: Ini lote limo, juu chini? Mafuta yamezimika hadi kwenye kuba la ini, au kuna kona inayong'aa? Mikono imejikunja ndani ya picha? Pumzi ilishika? Kama kuna kasoro, rekebisha na uirudie. Vinundu vya ini lililosinyaa mara nyingine hung'aa vyenyewe kwenye T1, na bila picha safi ya kabla ya dawa huwezi kujua mng'ao umetoka wapi.

Baada ya hapo usiguse chochote. Awamu zote zitumie vipimo vile vile, na mashine isijipime upya kati yake. Vinginevyo picha za kutoa hazina maana.

Kukamata awamu ya ateri

Tunachotaka ni mwisho wa awamu ya ateri. Dalili zake ziko wazi: ateri ya ini inang'aa kikamilifu, vena ya mlango (inayoleta damu ya utumbo) imeanza kupata dawa, na vena zinazotoka kwenye ini bado nyeusi. Vena ya mlango ikiwa nyeusi kabisa umewahi. Saratani nyingi hazijapata dawa ya kutosha wakati huo, na msomaji asiye makini anaweza hata kudhani vena imeziba kwa damu iliyoganda.

Mambo matatu yanajumlishwa: dawa inafika lini kwenye aota, amri ya pumzi inachukua sekunde ngapi, na kitovu cha nafasi k kinasomwa sekunde ya ngapi ndani ya sekwensi. Hilo la tatu ndilo linaloachwa. Mng'ao wa picha nzima unaamuliwa na kitovu. Kingo zinabeba ukali wa mistari tu. Katika sekwensi yetu ya sekunde 15.4, kama mashine imeruka sehemu ya mwanzo ya nafasi k, kitovu kinaangukia kwenye theluthi ya kwanza, sekunde ya 5 hivi. Ikiwa imepangwa kuanzia kitovuni, ni sekunde ya kwanza kabisa. Baadhi ya mashine zinaonyesha namba hii kwenye ukurasa wa vipimo; itafute na uiandike kwenye karatasi ukutani.

Njia tunayoipendekeza ni kuiangalia dawa ikifika:

1. Weka kipande kinene cha koronali (kinachotazama mwili kutoka mbele) juu ya aota, kutoka moyoni hadi chini ya figo, kinachojirudia kila sekunde.
2. Anzisha kipande hicho kwanza, kisha sukuma dawa. Mgonjwa apumue kawaida.
3. Utaona vena ya mkono, upande wa kulia wa moyo, mapafu, upande wa kushoto, halafu aota. Subiri mpaka aota ing'ae usawa wa kiwambo.
4. Hapo hapo toa amri ya pumzi. Sekunde 6 zinapita.
5. Anzisha sekwensi. Kitovu kinasomwa sekunde 5 baadaye, yaani sekunde 11 tangu dawa ifike kwenye aota. Ukijumlisha sekunde moja au mbili za mkono wako, uko mahali pazuri.

Ikiwa sekwensi yako inaanzia kitovuni, ongeza kusubiri sekunde 5 kati ya kuona dawa na kutoa amri.

Mashine isiyo na njia hiyo itumie bolasi ya majaribio: ml 1 ya dawa na maji ml 20 kwa kasi ile ile, ukipiga kipande kimoja cha aota kila sekunde kwa dakika moja. Tuseme kilele ni sekunde ya 20. Ongeza 10, kitovu kiwe sekunde ya 30. Ondoa 5, sekwensi ianze sekunde ya 25. Ondoa 6, amri itolewe sekunde ya 19. Muda wa kukariri ("ateri ni sekunde 30 kwa kila mtu") unafaa vijana wenye moyo imara. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuchelewa sekunde 10 au zaidi, na huyo ndiye kipimo chake kinaharibika.

Awamu zinazofuata ni rahisi. Vena ya mlango: sekunde 60 hadi 80 tangu dawa ianze kuingia. Ya kuchelewa: dakika 3 hadi 5. Mpe mgonjwa pumzi tatu nne za kupumzika kati ya amri, na umwambie amefanya vizuri, maana bado unamhitaji. Saratani ya ini inayong'aa kwenye ateri huonekana ikififia kuliko ini katika awamu hizi mbili, na mara nyingine ikiwa na utepe unaong'aa pembeni. Kwa gadoksetati, kufifia huko kunahesabiwa kwenye awamu ya vena ya mlango tu. Baada ya hapo ini lenyewe linaanza kunyonya dawa na kulinganisha kunapotosha. Wakati wa kusubiri dakika 20 za gadoksetati unaweza kupiga T2 na DWI ili kuokoa muda, lakini picha za mifereji ya nyongo zipigwe mapema, kabla dawa haijaingia humo na kuifanya nyongo iwe nyeusi.

Bila injekta

Hospitali nyingi zina mashine ya MRI na injekta iliyoharibika, au hazina kabisa. Kazi inawezekana. Tumia koki ya njia tatu: bomba la dawa upande mmoja, maji ya chumvi ml 20 upande wa pili, na mpira mrefu hadi kwenye kanula ili anayesukuma asimame nje ya tundu. Anayesukuma lazima awe amekaguliwa kama mgonjwa: simu, funguo, mkasi wa mfukoni, vyote nje. Avae kinga ya masikio, na akubaliane na mwenzake wa kwenye kompyuta ishara ya mkono kupitia dirishani. Ahesabu moyoni "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" hadi dozi iishe kwa sekunde 7, ageuze koki, asukume maji kwa mwendo ule ule bila kusita. Kusita wakati wa kugeuza koki kunaikata bolasi vipande viwili. Kwa njia hii kuiangalia dawa ikifika ni bora kuliko hesabu ya bolasi ya majaribio, kwa sababu mkono wa mtu haurudii kasi ile ile mara mbili.

Kusoma kosa kutoka kwenye picha

Mistari myembamba inayofuatana na ukingo wa aota, kama mwangwi: kitovu kilisomwa wakati dawa bado inapanda kwa kasi. Umewahi, au bolasi ilikuwa fupi mno. Punguza kasi ya kusukuma mgonjwa ajaye.

Vena za ini zinang'aa kwenye picha uliyoiita ya ateri: umechelewa. Andika ukweli huo kwenye ripoti, usiiite ateri.

Picha zote zimefifia na aota nayo imefifia: dawa haikufika. Angalia mkono kama umevimba, kisha koki, kisha mpira.

Awamu ya ateri pekee imetikisika, na nyingine zote ni safi, dawa ikiwa gadoksetati: hili linajulikana. Dawa hii huwaletea baadhi ya wagonjwa kukosa pumzi kwa muda mfupi sana, hapo hapo kwenye ateri, kisha kunaisha. Kasi ya ml 1 kwa sekunde na sekwensi fupi vinapunguza tatizo. Baadhi ya mashine mpya zinaweza kuchukua picha mbili au tatu za ateri ndani ya pumzi moja, na angalau moja huokoka.

Mkojo mweusi chini na mweupe juu kwenye kibofu baadaye si ugonjwa: ni dawa iliyokolea mno kwenye kina, T2* ikifanya kazi yake.

Mgonjwa akibadilika

Kichefuchefu, ubaridi mkononi na kizunguzungu hupita vyenyewe. Mizinga ya ngozi, kikohozi cha ghafla, sauti kukwaruza au presha kushuka ni mzio. Simamisha dawa, mtoe mgonjwa nje ya chumba cha sumaku kwanza, halafu ndipo umtibu; timu ya dharura isikimbilie ndani na mtungi wa chuma wa oksijeni. Mwaka 2001 mtoto wa miaka 6 huko New York alifariki kwa mtungi wa namna hiyo uliovutwa na sumaku akiwa ndani. Mzio mkali kwa mtu mzima: adrenalini miligramu 0.5 (ml 0.5 ya ile ya miligramu 1 kwa ml) kwenye msuli wa paja, miguu juu, oksijeni, maji ya dripu ya haraka, rudia baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Adrenalini iwe kwenye trei nje ya mlango kabla ya mgonjwa wa kwanza wa siku, na tarehe yake isomwe.

Dawa ikimwagika chini ya ngozi, inua mkono, weka kitambaa cha baridi, na muangalie. Kiasi ni kidogo, na mara nyingi uvimbe hushuka wenyewe. Vidole vyake visipofanya kazi vizuri, ngozi ikibadilika rangi au maumivu yakizidi, mwite daktari wa upasuaji.

Kanula ibaki mkononi kwa dakika 30 baada ya dawa. Mgonjwa akinywa maji na kukaa barazani, wewe andika kwenye fomu: jina la dawa, namba ya toleo, mililita, kasi, mkono uliotumika, na sekunde ambayo kila awamu ilianza. Atakaporudi baada ya miezi mitatu kulinganishwa, hizo ndizo namba zitakazotumika.